Jembe Dogo Kwenye Turubai la Mama Lusajo

Niliondoka Mbeya kwa sababu ya viazi. Watu wengi husafiri kwa ajili ya msiba, harusi au uhamisho, lakini mimi nilitumwa na viazi, na sioni sababu ya kuficha.

Siku hizo nilikuwa nafundisha uchoraji katika chuo kimoja cha ualimu mjini Mbeya. Kwa kuwa pale mjini hapakuonekana mtu mwingine mwenye cheti cha kufundisha somo hilo, niliingizwa kwenye kamati ya maonyesho ya mkoa. Mkoa wa Songwe ulikuwa haujazaliwa bado. Tunduma, Mbozi na Ileje zote zilikuwa Mbeya. Kila wilaya ilitakiwa kuleta mazao, kazi za mikono na picha moja, na picha hizo zingepelekwa Dar es Salaam. Ileje ilileta viazi. Vilikuja juu ya lori vikiwa vimefunikwa turubai, viazi vizuri mno. Tulipomuuliza dereva picha iko wapi, alisema yeye alipewa viazi na turubai, basi.

Turubai lilikuwa limelowa ukungu wa huko milimani, likatandazwa kwenye uzio likauke. Nilipopita pale kwenda kunywa chai nikaliona upande wa ndani. Chini palikuwa na wekundu mzito, kama udongo uliotoka kulimwa. Juu yake weupe ulipita ukikatikakatika. Kushoto kulikuwa na umanjano kidogo uliosimama peke yake bila kugusa kitu, na kulia, pembeni kabisa, buluu tupu, pana, iliyotulia. Hapakuwa na mtu, mti, wala nyumba. Sijui nilisimama pale muda gani, ila niliporudi chai ilikuwa imekwisha.

Niliita kamati. Mwenyekiti wetu alikuwa mtu mwema, mnene, mwenye kupenda mambo yaende.

"Hii ni nini?" aliuliza.

"Ni picha ya Ileje, ndugu mwenyekiti."

"Picha ya nini?"

Nilijikuna kichwa. Mimi, mwenye cheti, niliyefundisha mamia ya walimu kuchora kikapu cha matunda, sikuwa na jibu. Wajumbe wakaanza kuinamisha vichwa huku na huku. Mmoja alisema fundi alimwaga rangi. Mwingine alisema huenda ni ramani. Lakini kila wilaya ilikuwa lazima iwe na picha, na viazi haviwezi kutundikwa ukutani, kwa hiyo mwenyekiti akapata njia.

"Mtafute aliyechora," aliniambia. "Fomu ina mistari miwili mitupu: amesoma wapi, na picha inaonyesha nini. Amalizie hapo. Halafu mwambie aongeze jembe. Dogo tu, pembeni. Watu wa Dar wakiona jembe hawatauliza mengine. Funika kombe mwanaharamu apite."

Nikapewa kopo la rangi nyeusi, brashi moja na barua ya utambulisho yenye mhuri. Lori la Dar lingeondoka Jumanne. Bila fomu na bila jembe, turubai lingerudi kufunika viazi. Nyuma yake palikuwa pameandikwa kwa mkono "Karakana, Tunduma", na hiyo ndiyo anwani pekee niliyokuwa nayo.

Alhamisi saa mbili asubuhi nilipanda basi stendi ya Mbeya, turubai limeviringishwa begani kwangu kama mkeka wa mtu anayehama. Tulipata pancha kabla ya Mlowo na nyingine baada ya Vwawa. Huko Mbozi kahawa ilikuwa imeiva, na kila tuliposimama wanawake walileta ndizi na mahindi ya kuchoma dirishani. Abiria walinipa heshima kubwa mpaka walipojua kwamba nilichobeba si turubai la kufunikia mzigo bali ni picha. Hapo heshima ikapungua kidogo.

Kabla ya kuingia Tunduma kulikuwa na kizuizi. Zilikuwa siku za msako wa magendo, na mtu mwenye mzigo mrefu ulioviringishwa hawezi kupita mpakani akasalimiwa tu. Mgambo aliniteremsha.

"Fungua."

Nikafungua, nikakitandaza kitu chote kando ya barabara. Abiria wote walishuka, maana njia ndefu haina burudani.

"Umeficha nini humu?"

"Sijaficha. Ni picha."

"Picha ya nini?"

Nikaona kumbe mgambo na mwenyekiti wamesoma shule moja. Nikajikuna kichwa tena. Mama mmoja mwenye kapu la vitunguu alisema kwamba ile buluu inamkumbusha asubuhi, lakini hakusema asubuhi ya wapi. Mgambo alilizunguka turubai mara mbili, akaligeuza, akalinusa.

"Kama ni picha, mbona unaitembeza?" alisema. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Haya, nenda. Hakuna mlanguzi anayeweza kuuza hii."

Hiyo ndiyo ruhusa niliyoingia nayo Tunduma.

Ijumaa asubuhi niliipata karakana, nyuma ya mstari wa malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Mwenyewe alikuwa Mzee Ramadhani, mtu wa Tanga aliyekuja na malori miaka ile barabara ilipokuwa tope tupu, akabaki. Alikuwa akipaka mabodi ya malori: simba, tai, majina ya watoto wa wenye malori, na maneno ya kuwaumiza majirani. Alikuwa amevaa kanzu tayari kwa sala ya mchana, akiwaelekeza mafundi wake kwa fimbo ili asijichafue.

Kabla hata sijajieleza, niliuona ukuta. Ulikuwa upande wa mwisho wa karakana, mrefu, umejaa mapaka ya rangi moja juu ya nyingine. Nikajua nimeifikia kazi kubwa ya mchoraji wangu. Nilisimama mbele yake, nikashika kidevu, nikarudi nyuma hatua tatu kama tulivyofundishwa chuoni. Kisha nikaanza kuwaeleza mafundi jinsi wekundu ule unavyozungumza na kijani, na jinsi mkono wa mchoraji ulivyojizuia pale katikati. Nilisema mengi. Walinisikiliza kwa adabu, brashi mkononi. Dereva mmoja wa Kizambia aliyekuwa akisubiri bodi lake likauke alinisalimia, "Mwapoleni mukwai," akavuta ndoo akakaa asikie vizuri.

Nilipomaliza, Mzee Ramadhani alikohoa.

"Maneno mazuri, mwalimu. Hapo tunafutia brashi."

Sikumbuki nilijibu nini. Nakumbuka kicheko tu, na yule dereva akifuta machozi. Lakini Mzee Ramadhani alikuwa muungwana. Aliagiza kahawa, akanikalisha, akasema hata yeye alipofika mara ya kwanza alimwamkia mtu aliyechorwa kwenye bodi la lori.

Nilipotandaza turubai aliacha kucheka.

"Huyu ni Mama Lusajo," alisema. "Mimi ndiye niliyemfundisha."

"Ulimfundisha nini, mzee?"

"Kuosha brashi."

Aliona nimekunja uso, akaendelea. Mama Lusajo ni Mndali wa Ibaba, juu kabisa milimani Ileje. Alikuja Tunduma na mumewe aliyekuwa utingo. Siku moja mume alivuka mpaka kwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya shaba, akasahau kurudi. Mama Lusajo akaja karakana kuomba kazi, akapewa ndoo ya mafuta ya taa na brashi chafu za mafundi wanne. Alifanya hivyo miaka sita. Hakuna aliyemfundisha kitu kwa kukusudia, lakini alijua rangi ipi inakauka haraka, ipi inapasuka jua likiwaka, na ni matone mangapi ya nyeusi yanayoifanya nyekundu izeeke. Baadaye mafundi wenyewe wakawa wanamuuliza.

"Basi nikampa bodi lake," alisema Mzee Ramadhani. "Mwenye lori alitaka simba. Mama Lusajo akapaka siku tatu. Rangi tupu, manjano na kahawia, kama unavyoona hapa. Mwenye lori akaja, akazunguka, akasema, simba yuko wapi? Mama Lusajo akamwambia, amekwisha pita."

Mafundi walicheka, wakionyesha kwamba hadithi hiyo wameisikia mara nyingi na bado haijachuja.

"Ikawaje?"

"Nilimpaka simba juu yake. Biashara ni biashara, mwalimu. Kesho yake Mama Lusajo hakuja kazini. Kesho kutwa pia. Alichukua turubai moja bovu na makopo ya mabaki badala ya ujira wake wa mwisho, akarudi kwao." Akapangusa kikombe kwa ncha ya kanzu, akakumbuka kwamba ni kanzu ya sala. "Simba mwenyewe alitoka amekonda."

Nililisikia hilo vizuri sana, na wasomaji wangu mtaona faida niliyoipata.

Ijumaa baada ya sala nilipata lori la mbao linalokwenda Ileje. Tuliacha barabara kuu pale Mpemba, tukateremka na kupanda mpaka Isongole, Malawi ikiwa ng'ambo ya mto, karibu ya kurushiwa jiwe. Nililala kwenye nyumba ya wageni yenye vitanda vitatu na blanketi mbili. Jumamosi alfajiri nilianza kupanda kwenda Ibaba kwa miguu.

Nilikuwa nimewahi kuchora milima mara nyingi. Kuipanda ni somo lingine. Ubaridi ulikuwa wa kuuma masikio, njia imejaa ukungu, na mimi nimevaa viatu vya mjini vyenye soli ya kuteleza. Wanawake wenye mizigo ya kuni kichwani walinipita wakizungumza, tena wakipanda. Mmoja alinionea huruma, akalichukua turubai akaliweka juu ya kuni zake kama kitambaa, akatangulia. Tulipofika mgahawa wa kwanza alinirudishia, akasema mzigo wenyewe mwepesi, kilicho kizito ni mimi.

Saa tano hivi nilifika Ibaba. Mashamba ya viazi na mahindi yalikuwa yamening'inia kwenye miteremko kama nguo zilizoanikwa. Balozi wa nyumba kumi aliisoma barua yangu, akausoma na mhuri, kisha akanielekeza nyumba iliyokuwa ikipakwa udongo.

Mama Lusajo alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mfupi, kitambaa kichwani, mikono yake imejaa udongo mweupe mpaka viwikoni. Huko mavuno yakiisha wanawake husiriba nyumba upya, na siku ile ilikuwa zamu ya ukuta wa mbele. Alitazama mzigo begani kwangu kabla ya kunitazama mimi.

"Umenirudishia turubai langu," alisema. "Viazi vilifika?"

"Vilifika, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Watu waliliona?"

"Waliliona."

"Wakasema nini?"

"Waliuliza ni picha ya nini."

"Na wewe, mwalimu, ukawajibu nini?"

"Nilijikuna kichwa."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mwalimu anayempa mwanafunzi nusu ya alama. Akaniambia nivue viatu, nikunje mikono, nisaidie ukuta kabla udongo haujakauka. Maneno yatakuja tukiwa tunafanya kazi. Nikatii. Nilikuwa nimekwisha paka kipande cha ukubwa wa meza alipokiona, akapitisha kiganja chake juu yake mara moja tu, na kipande changu kikatoweka.

Nilimuuliza kuhusu mafunzo yake, maana fomu ilikuwa mfukoni. Alisema bibi yake ndiye aliyemwanzisha, kwenye kuta hizi hizi. Udongo mweupe ulitoka kwenye kingo za kijito, mwekundu nyuma ya shule, mweusi bondeni kwenye tope. Bibi alimfundisha kwamba mwekundu unapakwa kwa kiganja kizima na mweupe kwa vidole vitatu, na kwamba mtu asisimame karibu na ukuta akidhani anauona. Shuleni alikaa miaka minne. Walipoambiwa wachore chungu, yeye alipaka ule weusi wa ndani ya chungu, karatasi nzima. Alipata sifuri.

"Halafu Tunduma," nilisema, na kwa kuwa aibu ilikuwa bado inaniwasha, nikamsimulia jinsi nilivyousifia ukuta wa kufutia brashi.

Nilitegemea acheke. Aliacha kupaka.

"Ulisema nini kuhusu katikati?"

"Nilisema mkono ulijizuia."

"Ulijizuia," alisema. "Miaka sita, mwalimu, brashi zote nilizifuta mimi. Wao walidhani nafuta tu. Kila siku nilikuwa nachagua nifute wapi. Pale katikati nilikataa kupagusa mwaka mzima."

Nilifurahi mno. Nilitaka kushuka mlima muda ule ule nikamwambie yule dereva wa Kizambia. Mama Lusajo naye alicheka sasa, akasema basi mtu mmoja ameusoma ukuta wake, tena kwa bahati mbaya, na bahati mbaya ni bora kuliko kukosa.

Mchana tulikula viazi vya kuchemsha kwa maharage na maziwa ya mgando, tukiwa na binti yake Lusajo aliyekuwa akinyonyesha. Nikamuuliza Mama Lusajo kwa nini alituma turubai kwenye maonyesho.

"Unaona ukuta huu?" alisema. "Mwakani nitaupaka tena, na huu wa leo utakuwa chini. Wa bibi yangu uko chini ya tabaka nyingi. Sisikitiki, ndivyo ukuta ulivyo. Lakini nimefika umri huu, nikasema kimoja kikae. Kimoja tu kisipakwe juu. Watu wasionijua wakitazame kama kilivyo, hata kama watajikuna vichwa."

Alinyoosha mkono kwenye kona ya kulia ya turubai, ile buluu. "Hapa nilikaa wiki mbili nisifanye kitu. Kopo lilitoka kwenye lori la Zambia, halikupatikana tena. Kila siku nilitaka kuongeza, nikajizuia. Hapo ndipo picha yote inapopumulia."

Na mimi nilikuwa na kopo la rangi nyeusi mfukoni.

Nilimweleza. Nilieleza kwa upole, nikamtaja mwenyekiti, nikataja Jumanne, nikataja Dar es Salaam na maelfu ya macho. Jembe moja, mama. Dogo tu, pembeni.

Alitafuna kiazi chake mpaka mwisho.

"Jembe liko nyuma ya mlango," alisema. "Wakitaka jembe, wapelekee lile, ni zuri, lina mpini mpya. Picha iende kama ilivyo au irudi ifunike viazi. Nilikwisha kumpa mtu simba, ikatosha."

Hakusema kwa hasira. Alinifungia viazi vya njiani kwenye jani la mgomba, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema anajua nitafanya vizuri, kwa sababu mtu aliyeuona ule ukuta hawezi kuharibu.

Jumapili saa nne nilikuwa Isongole nikisubiri gari. Mji mzima ulikuwa kanisani, nyimbo zikisikika mpaka nyumba ya wageni. Nilitandaza turubai kitandani ili nijaze fomu. Kwenye mstari wa mafunzo niliandika kila kitu: bibi, kuta, karakana, miaka sita. Niliandika mpaka pembeni mwa karatasi. Kwenye mstari wa "inaonyesha nini" kalamu ikasimama.

Nitasema kama ilivyokuwa. Nilijiambia kwamba bila jembe haitakwenda. Nilijiambia kwamba yeye mwenyewe alitaka ionekane, na mimi ndiye ninayejua njia za mjini. Nilijiambia kwamba litakuwa dogo. Yote hayo yalikuwa na ukweli wake. Lakini pia nilikuwa mtu mwenye cheti, na kona ile ya buluu, kwa macho ya mtu mwenye cheti, ilikuwa wazi mno. Nikafungua kopo. Kwaya haikuwa imemaliza wimbo wa pili na jembe lilikuwa limekwisha simama pale, jeusi, lenye mpini, limeinama kidogo kama lililoegeshwa na mkulima aliyekwenda kunywa maji. Nikaandika kwenye fomu: "Kilimo ni uhai."

Jumatatu jioni mwenyekiti alipoliona alinikumbatia. Jumanne turubai lilipanda lori la Dar es Salaam, juu ya mizigo yote, safari hii likifunikwa na turubai jingine.

Miezi minne baadaye lilirudi, likiwa na cheti. Kilikuwa kimeandikwa kwa mashine, kikimpongeza Ndugu Tusekile, ndiye Mama Lusajo, "kwa jembe lililochorwa kwa ustadi na kuonyesha matumaini ya mkulima." Kwenye mafunzo walikuwa wameandika neno moja: hakusoma. Mwenyekiti alitaka kukituma kwa posta. Nilisema nitakipeleka mwenyewe, na hakuelewa kwa nini sauti yangu ilikuwa ndogo.

Mwezi wa kumi na moja, basi, nilipanda tena ule mlima. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na Mama Lusajo alikuwa shambani. Alishuka upesi alipoona begani nina nini. Binti yake akaleta mkeka, tukatandaza turubai uani.

Aliliangalia kwa muda mrefu. Akasogea nyuma, mbali, kama bibi yake alivyomfundisha, akarudi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kabla wala baadaye. Ningefurahi kama angenitukana.

"Mwalimu," alisema mwishowe. "Hujawahi kulima."

"Sijawahi, mama."

"Jembe hili mpini umepachikwa kinyume. Ukilima nalo unajipiga mguu." Akanitazama. "Uliniuliza, nikakataa. Ukala viazi vyangu."

"Nilikula, mama. Nisamehe. Niliogopa lisiende."

"Na lilikwenda?"

Nilifungua mdomo niseme ndiyo. Nikaangalia ile kona, nikaona kwamba watu wote kule walitazama pale nilipochora mimi, na hakuna hata mmoja aliyekwenda mbali zaidi ya jembe. Nikamjibu hapana.

Lusajo aliuliza kama haliwezi kufunikwa. Mama yake alisema kufunika si kazi, ila buluu ile haipo Tunduma wala Mbeya, na rangi nyingine itakuwa jembe la pili. Akaingia ndani, akatoka na brashi nyembamba na kopo la nyeupe lililobaki kidogo chini.

"Andika jina lako," alisema. "Hapo kwenye mpini. Wasije wakadhani ni langu."

Nikapiga magoti, nikaandika jina langu dogo kwenye mpini. Alipoona nimemaliza alilikunja turubai, akalibeba ndani, akalitundika ukutani juu ya kitanda chake. Ile kona akaielekeza nyuma ya kabati.

Ndipo nikampa cheti, maana nilikuwa sijui nikifanye nini. Alikisoma polepole, neno kwa neno, midomo ikicheza. Alikisoma mara ya pili. Kisha akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima, kama inavyopasa kumpa mtu kilicho chake.

Nimefundisha uchoraji miaka thelathini na moja. Hicho ndicho cheti pekee nilichowahi kupata kwa kuchora, na sijakionyesha kwa mtu.